Mifuko ya mahindi isiyopitisha hewa: nimeitumia misimu mitatu kwa mama, Ganda

Hii ni ile mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhi mahindi bila dawa, saizi ukipita Malindi mjini agroveti nyingi wanayo, mingine imeanikwa pale mlangoni kabisa. Mi nimeitumia misimu mitatu, 2023, 2024 na 2025, kwa mamangu huko ndani kati ya Ganda na Kakuyuni, na si kwa kujaribu tu, ni chakula chetu wenyewe tulichokua tunaweka. Nimeona niandike kwa urefu manake madukani unaambiwa mfuko huu utamaliza njaa nyumbani kwako, ukirudi kijijini unaambiwa ni plastiki tu wanatuuzia, na zote mbili si kweli. Mfuko unafanya kazi. Lakini kuna mahali kazi yake inaishia, na hapo hapahusu mfuko tena, panahusu shamba ni la nani.

Nianze na mfuko wenyewe. Nje ni gunia la kawaida la kusukwa, la kilo 90. Ndani kuna plastiki mbili nene, moja ndani ya nyingine. Unajaza mahindi kwenye ile ya ndani kabisa, unashindilia, unakamua hewa, unasokota shingo mpaka iwe ngumu kama kamba, unaikunja, unafunga kwa kamba ya mpira, alafu ya pili vivyo hivyo, alafu gunia la nje. Wadudu waliobaki humo wanavuta ile hewa kidogo iliyopo, ikiwaishia wanaacha kula, wanakauka wanakufa. Hakuna sumu, hakuna harufu, hakuna kuosha mahindi mara tatu kabla ya kupeleka mashineni. Teknolojia hii haikuanzia kwa mahindi, watafiti wa chuo kikuu cha Purdue cha Marekani waliitengeneza Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde, na nlipojua hivyo nkaelewa haraka, manake kwetu kunde ndio za kwanza kuliwa, ukiweka Septemba ikifika Desemba ni matundu matupu, ukizimwaga kwenye maji zote zinaelea.

Bei nimenunua kati ya 250 na 300, inategemea duka na inategemea wamekuona unatoka wapi. Ukitunza inaenda misimu miwili mpaka mitatu. Yangu miwili imefika msimu wa tatu, mmoja ulitoboka mapema, na mmoja nitaueleza hapo chini.

Zamani mahindi kwetu yalikaa uchagani, juu ya jiko. Hawe, yaani nyanya yetu mzaa mama, alikua anaweka na maganda yake, moshi unapanda kila siku asubuhi na jioni, mahindi yanakua meusi kwa nje lakini ndani mazima, na yale mahindi yenyewe yalikua ya kwetu, mdzihana na mengawa, punje ngumu na ganda limebana mpaka ncha. Wadudu wa kawaida, hawa fukusi, walikua wanapata taabu. Kisha akaja dumuzi. Huyu si wa huku, asili yake ni Amerika ya Kati, aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980 mwanzoni akavukia kwetu upande wa Taveta, watu wengine wanamuita osama. Dumuzi hali punje peke yake, anatoboa mpaka gunzi, mpaka mbao za uchaga, unaenda kuchukua mahindi unakuta unga umejaa chini na juu yamebaki magamba. Na moshi nao umepungua manake kuni saizi tunanunua, pale tunapokaa haturuhusiwi kukata hata tawi. Kwahio mtu asikuambie uchaga wa zamani unatosha, ulitosha na mambo mengine yaliyokuwepo wakati huo.

Sasa misimu yenyewe.

2023 nlinunua mifuko minne. Nafanya kazi ya kufua kwenye hoteli moja upande wa Casuarina, nlilipwa mwisho wa mwezi nkapitia dukani nkapanda matatu ya Ganda nayo. Mama alikua amevuna gunia sita kwenye eka moja na nusu, na ukumbuke hayo ni baada ya ile misimu mitano ya mvua kukatika mfululizo toka mwisho wa 2020 mpaka 2022, watu walikua wamekula mpaka mbegu, kwahio gunia sita zilikua sherehe. Mbili ziliuzwa hapo hapo, nitaeleza kwanini. Nne tukajaza.

Kosa letu lilikua haraka. Mahindi yalianikwa siku mbili kwenye turubai, juu yalikua makavu, ukiyatafuna yanalia, mi nkasema yamekauka. Hayakua yamekauka. Mfuko huu hauruhusu kitu kutoka, hewa wala unyevu, ukifungia mahindi mabichi umeyapika. Novemba mama akafungua la kwanza, sawa. Akafungua la pili, harufu ilimtoa mbio jikoni, mahindi yameshikana mabonge na ukungu wa kijani. Mama alilia. Sitasahau, alikaa chini na lile gunia akawa anachambua punje moja moja akitafuta nzima, ikabidi nimwambie mama acha, hata yale yanayoonekana mazima hayafai. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka wa 2004 kule Ukambani, Makueni na Kitui, mahindi yenye sumu hii yaliua watu 125, na wengi walikua wamevuna wenyewe wakaweka ndani yakiwa na unyevu. Tulichimba shimo tukazika gunia zima. Jirani mmoja alitaka awape kuku, tukakataa, manake yai unakuja kulila wewe.

Kwahio kama hutasoma kingine chochote humu soma hapa: kabla ya kufunga chukua chupa kavu ya plastiki au ya kioo, tia chumvi kavu kiasi, tia mahindi mpaka nusu, funga, tikisa dakika mbili tatu, iache itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, rudisha mahindi juani. Ikianguka yote chini, funga. Wataalamu wanataka unyevu usizidi asilimia 13.5 lakini hakuna mtu kijijini ana kile kipimo, chumvi na chupa kila mtu anavyo. Na aliyeniuzia hakuniambia neno moja kuhusu hili. Nyuma ya gunia kuna maandishi ya Kiingereza madogo na picha zilizofutika nusu. Mama hasomi Kiingereza, na wanaoweka mahindi Ganda wengi ni kina mama wa umri wake. Hapo wanaotengeneza wajirekebishe, waandike Kiswahili kikubwa, ANIKA SIKU NNE, PIMA NA CHUMVI, ingetosha.

2024 tulifanya sawa. Siku nne juani, jioni tunakusanya kabla umande haujashuka, tunapima na chumvi, tunapepeta taka zote manake kigunzi kimoja chenye ncha kinatoboa plastiki. Mifuko ikawekwa juu ya mbao, si sakafuni, mbali na ukuta, na paka akaletwa kwa ajili ya panya. Tulifunga katikati ya Agosti, tukawa tunafungua mmoja mmoja. Ukifungua fungua kila siku hewa inaingia, wadudu wanaamka, bora fungua mmoja umalize kabla hujagusa mwingine. Mfuko wa mwisho tuliumaliza mwanzo wa Januari na wallahi mahindi yalikua kama yametoka shambani jana, meupe, mazito, yakianguka kwenye ungo yanalia. Mama alichukua kibaba akapita nacho kwa majirani watatu waone. Mashineni mwenye posho mill akauliza haya ya wapi, manake wakati huo wengine wote walikua wanaleta ya dukani.

Hesabu yake ni hii, na niliifanya na mama kwa penseli nyuma ya kalenda. Nyumbani watu sita. Sima mchana na usiku, asubuhi uji, inaenda kama kilo mbili na nusu kwa siku. Gunia la kilo 90 linakaa siku 36. Gunia nne ni siku 144, toka katikati ya Agosti unafika wiki ya kwanza ya Januari. Bila mfuko, dumuzi anakula robo, wakati mwingine zaidi, kwahio nne zinakua tatu na chakula kinaisha mwanzo wa Desemba. Yaani mifuko minne ya kama shilingi 1,100 ilitupa gunia zima, siku 36 za kula. Gunia hilo ukinunua Desemba ni zaidi ya elfu nne. Hapo sina ubishi na mtu, kitu kinachokupa siku 36 za chakula kwa bei hio nunua, kopa ununue.

Lakini mwaka una siku 365. Toka Januari mpaka mahindi mabichi ya Julai sisi ni watu wa pishi, unanunua pishi moja leo na nyingine keshokutwa kama vibarua vipo. Mwezi wa nne na wa tano ndio mibaya zaidi, mvua imeshuka, kazi ya shamba ndio imechacha, na ndani hamna kitu, mtu analima na njaa. Wakati huo tunakula mtsunga, yale majani machungu ya mwituni, na majani ya kunde, maembe kama yamebaki, watoto wanaenda shule na mabuyu mfukoni. Mfuko haujakosea kitu hapo, umefanya yake. Hauwezi kuhifadhi mahindi ambayo hayakulimwa, na hayakulimwa manake hatuna pa kulima.

Nlisema gunia mbili ziliuzwa siku ya mavuno. Moja ilikua ya karo na deni la kupalilia. Nyingine ilikua ijara, yaani kodi ya shamba.

Sisi tunakaa kwenye shamba la mtu. Hawe alizaliwa hapo, mamake alizikwa hapo, kaburi lipo chini ya mkwaju, lakini hati ina jina la familia nyingine ambayo haikai Malindi, mtu wao anakuja mara moja kwa mwaka kuchukua ijara. Si sisi peke yetu, ukitoka Malindi kwenda Ganda, ukaenda Msabaha, ukavuka daraja la mto Sabaki uende Mambrui mpaka Gongoni, uliza mtu yeyote, wengi watakuambia hivyo hivyo. Mwanzo wake ni ule ukanda wa pwani wa maili kumi uliohesabiwa wa Sultani wa Zanzibar. 1908 serikali ya wakoloni ikaleta sheria ya hati, kila anayedai ardhi kwenye ukanda aende akaandikishe, isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wamijikenda wengi hawakufika huko kuandikisha, ardhi kwao ilikua ya ukoo, utaandikisha vipi kitu ambacho si cha mtu mmoja, na ni nani alikuja kumueleza mzee wa Kakuyuni habari za karatasi. Wajukuu wao leo wanaitwa maskwota.

Na kuwa skwota kuna masharti ambayo mtu wa mjini hayajui. Huruhusiwi nyumba ya mawe. Huruhusiwi kisima. Huruhusiwi kupanda mnazi, wala mwembe, wala mkorosho, manake huku pwani miti inaweza kua ya mtu mmoja na ardhi ya mwingine, mnazi ukishatoa madafu umekua ushahidi wako na siku ya kukutoa lazima ulipwe. Hata muhogo unaleta maneno kwa vile unakaa ardhini zaidi ya mwaka. Unaruhusiwa mahindi, kunde, pojo, mchicha, vitu vya kung'oka. Vile vitu ambavyo vingekulisha mwaka mzima bila kusubiri mvua ya Aprili ndivyo ulivyokatazwa. Mkorosho mmoja mkubwa ungelipa ijara yenyewe. Mimi nikiona watu wanakuja na semina ya kutufundisha kupanda matunda nakaa nawasikiliza mpaka mwisho, alafu nawauliza kwa heshima, tupande wapi ndugu.

Na ghala pia haliruhusiwi. Mama aliwahi kutaka kujenga kighala cha matofali na mabati, kadogo tu, mtu wa ijara akasema hapana, hilo ni jengo la kudumu.

Hapa ndipo mfuko huu una thamani ambayo sijaona mtu akiitaja dukani. Ni ghala ambalo halijengwi. Hakuna mtu anaweza kukuambia ubomoe gunia. Mtu ambaye kesho hajui atakua wapi anaweza kua na ghala lake chini ya kitanda, na akiambiwa atoke anatoka nalo. Mi naamini kabisa kwamba kwa mtu mwenye hati mfuko huu ni urahisi tu, lakini kwa skwota ni kitu cha pekee anachoweza kumiliki cha kulinda mavuno.

Tulijua hivyo Oktoba 2024. Asubuhi moja wakaja watu na saveya, wakapima, wakaweka bikoni, zile alama za mpaka, moja ikaangukia katikati ya kunde. Hakuna barua iliyotangulia. Tukasikia sehemu imeuzwa. Mama hakugusa nguo wala vyombo, kitu cha kwanza alichoniambia kwenye simu ni baba njoo na boda utoe mahindi. Nkaja na boda mbili tukapeleka mifuko kwa mamdogo barabarani. Sasa hapo ndio nikajua udhaifu mwingine, mfuko uliojaa haupendi safari. Mmoja ulikwaruzwa na waya wa keria, tundu dogo kama la sindano, hatukuliona. Baada ya wiki tatu fukusi walikua wamejaa. Kwahio kama unauhamisha zungushia gunia jingine kwa nje au blanketi kuukuu, na ukifika kagua kabla hujaweka. Dumuzi naye ana meno ya kutoboa plastiki mwenyewe akiwa mwingi, ndio maana unatakiwa kufunga mara tu mahindi yanapokauka kabla hawajazaana.

Kuna watu wananiambia si mumekaa miaka mingi, nendeni kortini. Ni kweli sheria ya Kenya inasema ukikaa kwenye ardhi ya mtu miaka 12 wazi wazi, bila ruhusa yake na bila kusumbuliwa, unaweza kwenda mahakamani kuidai. Tuliuliza. Neno linalotuvunja ni bila ruhusa. Ukilipa ijara umekaa kwa ruhusa. Zile risiti ambazo mama amezitunza kwenye bati la biskuti miaka yote akidhani zinamlinda, ndizo zinazoonyesha kwamba yeye ni mpangaji. Siku alipoelezwa hivyo alinyamaza muda mrefu alafu akaenda kuziweka tena pale pale kwenye bati.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hapa si jangwani. Karne ya kumi na tisa Malindi ilikua bandari ya nafaka, mtama na ufuta vilikua vinapakiwa majahazini kwenda Arabuni, na tuseme ukweli wote, vililimwa na watumwa kwenye mashamba makubwa. Na Wagiriama waliovuka Sabaki kwenda kaskazini walikua wanalima nafaka nyingi mpaka wanauza kwa wafanyabiashara wa pwani. Ndio ardhi hio hio wakoloni walitaka kuwatoa mwaka wa 1914, wavuke warudi kusini kwenye ardhi mbaya ili wakose chakula wakafanye kazi ya mshahara kwenye mashamba ya wazungu, na Mekatilili, yule mama wa Kigiriama, akasimama kuwapinga. Sanamu yake ipo pale mjini kwenye bustani iliyokua ikiitwa Uhuru Garden, saizi ina jina lake, watu wanapiga naye picha. Mi nikipita pale asubuhi naenda kazini nafikiria kitu kimoja tu, kwamba walivyotaka kumfanya mtu awe kibarua walijua pa kuanzia ni shamba lake.

Leo mahindi ya Malindi yanakuja na malori kutoka bara na Tanzania. 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200, mpaka serikali ikatangaza ruzuku ya kuishusha iwe 100, na hata hio ya 100 kuipata dukani ilikua ni bahati. Mtu aliyekua ameuza gunia lake Agosti kwa elfu tatu alipe ijara, Machi anarudi sokoni kununua mahindi hayo hayo kwa zaidi ya elfu tano. Anaitwa mkulima na yeye ndiye mnunuzi mkubwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokua na njaa. Nlimsomea mama kwa simu, akauliza wameandika atalima wapi.

Na hati peke yake pia haimalizi, nisije nikaonekana nasema ukipata karatasi umeshiba. Shangazi yangu yuko upande wa Marafa, wao walipata ploti kwenye ule mradi wa makazi wa Magarini uliosaidiwa na Australia miaka ya 70 mwishoni na 80. Msitu ukasafishwa, watu wakawekwa, udongo ukachoka haraka na mvua ya huko ni ya kubahatisha. Shangazi ana eneo kubwa kuliko sisi na njaa yake ni ile ile. Lakini shangazi ana kitu ambacho mama hana. Amepanda mikorosho na mwarobaini, amechimba kijibwawa cha kutega maji, ana mbuzi wanaolala kwenye zizi la mawe, na mwaka mbaya anauza mbuzi hauzi mbegu. Yeye mifuko hii nlimpelekea miwili, anawekea pojo na kunde, anasubiri bei ipande Februari ndio anauza. Mama hajawahi kusubiri bei ipande, mtu wa ijara anakuja Agosti.

Sasa ya ununuzi. Duka la kwanza nilikonunua 2023, sitalitaja, mfuko mmoja kati ya minne ulikua na plastiki moja badala ya mbili. Nlirudi nao na risiti, wakaniambia nimetoa mwenyewe. Sikurudishiwa. Hasara ya 280 kwa mtu wa duka si kitu, kwa anayeweka mahindi ni gunia zima. Kwahio pale pale dukani kabla hujalipa toa zile plastiki, hesabu mbili, alafu pulizia hewa kila moja ifure, ifinye kwa kiganja, sogeza shavu usikie kama inatoa upepo. Mwenye duka akikasirika ondoka. Duka la pili ninalonunua saizi kijana mwenyewe ndiye anakupulizia mbele yako bila kuombwa, na ukinunua kumi kwa kikundi anapunguza. Kina mama wa kwetu wana chama cha watu kumi na mbili, tunaagiza pamoja kila Julai. Usinunue iliyokaa juani pale mlangoni, plastiki ikipigwa jua miezi inakua inakatika katika.

Na kama hata 250 haipo, chukua dumu la mafuta la lita 20, lioshe, likauke kabisa, jaza kunde au pojo au mahindi makavu mpaka shingoni bila kuacha nafasi, kaza kifuniko, zungushia karatasi ya nailoni. Kanuni ni ile ile. Mama mbegu zake zote saizi ziko hivyo, na zinaota.

Mfuko naupa nne kwa tano. Ile moja ninaitoa kwa maandishi na kwa jinsi unavyotoboka. Duka la kwanza halipati hata moja. Mtu mwenye gunia nne tano za kuweka anunue bila kufikiri mara mbili. Mtu mwenye gunia moja, ambalo litaliwa kabla dumuzi hajazaana, abaki na pesa yake, asidanganywe.

2025 ndio tumefika hapo. Baada ya zile bikoni tumebakishiwa nusu eka, upande wa changarawe. Tumevuna gunia mbili kasoro, moja ikaenda na ijara ambayo haikupunguzwa pamoja na kwamba shamba limepunguzwa. Kwahio mwaka huu tumetumia mfuko mmoja. Mingine mama ameiosha, ameianika kivulini, ameikunja akaiweka chini ya kitanda na lile bati la risiti, anasema itahitajika. Anatafuta mtu anayekodisha hata robo eka upande wa Kakuyuni au Langobaya kabla ya mvua ya Aprili, na anatafuta mbegu ya mdzihana, ya kwetu iliishia kwenye ule mfuko uliotobolewa na waya. Mwenye nayo hata pishi moja aseme, nitaifuata.